Kabla ya Kulalia Ubavu wa Kushoto: Mwongozo wa Kipimo cha Kinyama cha Tezi Dume

Tuseme umetoka Fukayosi alfajiri na gari la Bagamoyo, kwa sababu mkojo unakuja kwa matone na usiku hulali kwa kwenda chooni. Hospitali ya wilaya wamekupaka jeli chini ya kitovu, wamepitisha kifaa, ukarudi na karatasi inayosema tezi dume imekua, pengine na ukubwa wake umeandikwa kwa mililita. Kufika jioni, kijiwe kizima kinajua kwamba fulani "ana tezi dume". Mmoja anakuapia kuwa ni saratani. Wa pili ana namba ya simu ya mtu mwenye unga wa mizizi unaoyeyusha tezi. Wa tatu, na huyu ndiye wa kuogopwa, anakuambia vyovyote iwavyo usikubali kuguswa na chuma.

Karatasi uliyonayo haijasema lolote katika hayo. Kila mwanamume ana tezi dume. Imekaa chini ya kibofu, mbele ya utumbo wa haja kubwa, imeuzunguka mrija wa mkojo, na ya kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Umri ukisogea huwa inakua na kuubana mrija, ndipo mkojo unapoanza kusumbua. Ukuaji huo na saratani ni maradhi mawili tofauti, ingawa yanaweza kukaa pamoja katika tezi moja, na altrasaundi ya tumboni haina uwezo wa kuyatenganisha. Hata altrasaundi nzuri kuliko zote, inayofanywa karibu kabisa na tezi, haitoi hukumu. Anayetoa hukumu ni mtaalamu wa patholojia, akikitazama kwa hadubini kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi kilichotolewa kwa sindano. Altrasaundi kazi yake ni kumwonyesha daktari sindano inapita wapi.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyeambiwa ukachukuliwe kinyama, na kwa ajili ya kijana wako atakayekusindikiza.

Nani aende, nani asubiri

Mlango wa kwanza ni kipimo cha damu cha PSA. Hiyo ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi chake kidogo huvuja kuingia kwenye damu. Kwa miaka mingi madaktari wameichukua namba 4, yaani nanogramu 4 kwa mililita, kuwa mahali pa kuanza kuuliza maswali. Lakini si saratani peke yake inayoipandisha PSA. Tezi iliyokua kwa umri huipandisha. Maambukizi ya mkojo huipandisha, tena yanaweza kuirusha juu sana. Mkojo ukiziba ukawekewa mpira, PSA hupanda. Hata tendo la ndoa la jana yake hugusa namba. Basi kabla ya kutoa damu kaa siku mbili bila tendo la ndoa, na kama mkojo unachoma, tibiwa kwanza, kisha kipimo kirudiwe baada ya wiki sita hivi. Kwa upande mwingine kuna vidonge vya finasteride ambavyo wazee wengi hupewa kupunguza tezi: vikishatumika miezi sita, hushusha PSA karibu nusu. Usipomtajia daktari, ataisoma namba ndogo na kukuambia uende zako salama.

Kipimo cha kidole ndicho chenye mizaha mingi. Hakimalizi hata dakika moja. Kipo kwa sababu zipo saratani ambazo PSA yake ni ya chini, lakini kidole kikipita kinakuta uvimbe mgumu. Aliyepima damu akakataa kidole amepima nusu.

Kwa watu wa ukanda wetu kuna la ziada. Mtu aliyekulia kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Mto Ruvu, akioga na kuchota maji humo, anaweza kuwa na kichocho cha mkojo, nacho hutoa damu kwenye mkojo. Damu ya mkojo kwa mzee inahitaji uchunguzi wa haraka, ila uchunguzi huo uanze na kipimo cha mkojo chenyewe, ambacho ni cha bei ndogo na hufanyika karibu na nyumbani. Mtajie daktari wa Dar es Salaam maji uliyokulia. Huenda yeye hayajui.

Tanzania, kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshaingia kwenye mifupa. Kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu kupima ukiwa na miaka 45 hadi 50, na mapema zaidi kama baba au ndugu yako wa kiume aliugua. Hata hivyo si kila PSA ya juu inamalizikia kwenye sindano. Mzee wa miaka 85 mwenye moyo uliochoka, ambaye mkojo wake unatoka vizuri, ana haki ya kumuuliza daktari: majibu yakitoka, tutafanya nini ambacho hatufanyi leo? Jibu likiwa hakuna, kuna sababu gani ya kumchoma? Na yule ambaye PSA yake imefika mamia, mgongo unauma na tezi ikiguswa ni ngumu, kwake vinyama vichache vinatosha kuthibitisha.

Sauti inayochora picha

Altrasaundi haina mionzi. Kifaa chake, probu, hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Mawimbi yanagonga viungo na kurudi, na mashine inayageuza kuwa picha ya weusi na weupe. Ukipimwa tumboni, sauti inabidi ipite ngozi, mafuta na kibofu ndipo iifikie tezi, hivyo picha inafika imefifia. Kutoka ndani ya utumbo wa haja kubwa, tezi iko nyuma ya ukuta mwembamba wa milimita chache tu. Hiyo ndiyo sababu ya kupita njia hiyo. Mjapani Hiroki Watanabe, aliyetoa picha za mwanzo zenye manufaa za namna hii kuelekea miaka ya 1970, aliwakalisha wagonjwa kwenye kiti ambacho probu ilikuwa imesimama katikati yake. Leo unalala kitandani, na probu ni nyembamba, inakaribia unene wa kidole gumba.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani kioo kitaonyesha saratani kama doa, daktari alilenge, amalize. Wakati mwingine doa lipo kweli: sehemu nyeusi kidogo kwenye ukanda wa nje wa tezi, ule unaoegemea utumbo, ambako karibu asilimia 70 ya saratani hizi huanzia. Lakini saratani nyingi zinafanana kabisa na nyama nzima inayozizunguka, na madoa mengine ni makovu ya maambukizi ya zamani. Mwaka 1989, Hodge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba kuchukua vinyama sita kwa mpangilio, vitatu kila upande, huku altrasaundi ikiongoza, kunakamata saratani ambazo kulenga doa peke yake kunaziacha. Siku hizi huchukuliwa 10 hadi 12.

Fanya hesabu uone kwa nini mpangilio ni muhimu. Kila kinyama ni uzi wenye unene wa milimita moja hivi na urefu wa kati ya sentimita moja na mbili. Vyote 12 ukivikusanya havifiki asilimia moja ya tezi ya mililita 40. Unachukua kidogo mno, kwa hiyo lazima ujue umekichukua wapi: kulia au kushoto, juu karibu na kibofu, katikati, au chini kwenye ncha. Bila picha, daktari huweka kidole na kuisindikiza sindano kwa kupapasa. Njia hiyo ni ya zamani na bado inatumika katika hospitali nyingi za nchi zetu. Kwa uvimbe mkubwa mgumu inatosha. Kwa uvimbe ambao kidole hakiuoni, ni kubahatisha. Basi unapopanga tarehe, uliza bila haya: kinyama kitaongozwa na altrasaundi ya njia ya haja kubwa, au kwa kidole? Na je, probu inafanya kazi wiki hii? Swali la pili linaweza kukuokolea nauli.

Kuna faida nyingine ya picha ambayo watu hawaitaji. Mashine inapima urefu, upana na kimo cha tezi, inazidisha vyote kwa 0.52, unapata ujazo. Chukua wanaume wawili wenye PSA 6. Wa kwanza tezi yake ni mililita 80. Gawanya 6 kwa 80, unapata 0.075, na kwa tezi kubwa kiasi hicho namba hiyo haishangazi. Wa pili ana mililita 25, anapata 0.24, na madaktari wengi wakivuka 0.15 huanza kukaza macho. PSA ni ileile, wasiwasi tofauti. Ile karatasi ya altrasaundi ya Bagamoyo, kama imeandikwa mililita, usiitupe.

Kuhusu MRI, picha inayopigwa kwa sumaku: utafiti wa PRECISION, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba kuanza na MRI kisha kulenga sehemu zinazotiliwa shaka kunakamata zaidi saratani zenye madhara, na kunawaepusha baadhi ya watu na sindano isiyo ya lazima. Dar es Salaam mashine za MRI zipo. Ukiweza kuipata kabla ya kinyama, ipate. Usipoweza, usikae nyumbani mwaka mzima ukiichangishia; vinyama 12 vinavyoongozwa na altrasaundi ni kipimo kamili.

Chuma na kusambaa

Habari ya kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa imewapoteza watu wengi. Inaeleweka ilikoanzia: mtu anafika hospitali akiwa amechelewa, anachomwa, miezi michache baadaye anafariki, na msibani wanahesabu kuanzia siku ya sindano. Hawahesabu miaka mitatu ya nyuma aliyokuwa akinywa unga. Kwa tezi dume, seli za saratani kufuata njia ya sindano ni jambo la nadra mno, linaloripotiwa kama tukio moja moja, licha ya mamilioni ya vipimo hivi vilivyofanywa duniani. Hatari halisi za kipimo ni nyingine, ni maambukizi na damu, na zote mbili zina maandalizi yake.

Wiki za kabla

Maambukizi kwanza, kwa sababu ndiyo yanayolaza watu. Sindano inapopita ukuta wa utumbo inaweza kubeba bakteria kuwaingiza kwenye tezi na damu. Ndiyo maana unapewa antibayotiki kabla. Sasa fikiria mazoea yetu: tumbo likichafuka, mkojo ukichoma, tunakwenda duka la dawa kununua antibayotiki, zile sipro za kutwa mbili, tunameza nne, tukipata nafuu zilizobaki tunafunga kwenye kitambaa. Bakteria wanaoishi utumboni wanaizoea dawa hiyo. Siku ya kinyama daktari anakupa dawa ileile kukulinda, nayo haifanyi kazi. Mwambie antibayotiki zote ulizotumia miezi sita iliyopita, hata za kununua mwenyewe, na kama ulilazwa hospitali karibuni. Atabadilisha dawa, au atapima kwanza bakteria wako wanauawa na dawa gani. Mwombe pia mkojo wako upimwe. Ukiwa na maambukizi, kipimo kinaahirishwa. Baadhi ya hospitali husafisha ndani ya utumbo kwa ile dawa ya kahawia ya vidonda, povidoni ya iodini, kabla ya sindano. Ni dawa ya bei nafuu, na inapunguza maambukizi.

Ipo njia nyingine inayokwepa utumbo: probu inakaa palepale ndani ikitoa picha, lakini sindano inapita kwenye ngozi ya msamba, kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Maambukizi yake ni machache zaidi, na chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Ulaya sasa kinaipendelea. Uliza kama inapatikana mahali unapokwenda. Kama haipatikani, njia ya utumbo ikiandaliwa vizuri bado ni salama kwa watu walio wengi sana.

Halafu damu. Anayetumia warfarini, klopidogreli au dawa yoyote ya kulainisha damu aseme mapema, wiki mbili kabla ikiwezekana. Usiiache mwenyewe: aliyewekewa dawa hiyo kwa ajili ya moyo au kiharusi anaweza kupata balaa kubwa kuliko kinyama. Aspirini ndogo ya kila siku mara nyingi inaruhusiwa kuendelea. Sema pia kama una kisukari, kama una mzio wa ganzi au wa mpira wa glavu, na dawa za asili ulizokunywa, bila kuzificha. Daktari atanuna kidogo, mwache anune.

Safari yenyewe ipangwe kwa kurudi kuliko kwa kwenda. Kutoka Fukayosi una njia mbili. Ya kwanza unavuka Ruvu, unapita Makofia mpaka Bagamoyo, kisha Mapinga, Bunju na Tegeta kuelekea Muhimbili pale Upanga. Ya pili unapanda kupitia Kiwangwa hadi Msata, unashika kushoto kwenda Chalinze, unaikuta Tumbi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Kibaha, na mbele yake Mloganzila. Ukishika kulia pale Msata unaifuata barabara ya Segera, na mwenye ndugu Moshi anaweza kufika KCMC, ambako huduma ya mfumo wa mkojo ina miaka mingi. Kokote uendako, beba karatasi ya rufaa kutoka Bagamoyo, kadi ya bima, na majibu yote ya zamani katika bahasha moja. Uliza kadi yako inafika ngazi gani ya hospitali. Uliza pia kama malipo ya kinyama na malipo ya patholojia ni mamoja au mawili. Mara nyingi ni mawili, na wapo waliochomwa sindano kisha sampuli ikakaa kwa kukosa hela ya kipimo. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo apite ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya siku hiyo, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji.

Tafuta pa kulala usiku wa kwanza karibu na hospitali. Kwa mpwa Tegeta, kwa shemeji Mbezi, popote. Unaporudi, kaa kwenye gari. Bodaboda kutoka barabarani hadi nyumbani, kwenye makorongo, siku mbili baada ya kuchomwa kule nyuma, hapana. Tembea taratibu au mtu aje na gari.

Chumbani

Kama ni ganzi tu, kwa kawaida unakula chakula chepesi. Kama umeambiwa nusu kaputi, hutakula tangu usiku. Nenda haja kubwa asubuhi. Wengine hupewa dawa ya kusafisha utumbo. Vaa suruali isiyobana. Kijana wako akae nje.

Utasaini fomu ya ridhaa. Isome au isomewe, hii ni zamu yako ya kuuliza. Kisha utavua kuanzia kiunoni, utalalia ubavu wa kushoto, magoti umeyavuta kifuani, umefunikwa shuka. Probu huvalishwa kondomu mpya na kupakwa jeli. Inapoingia unahisi msukumo, kama haja inayotaka kuja. Pumua kwa mdomo, legeza makalio, ukikaza ndiyo inauma. Daktari anatazama tezi kwenye kioo, anapima ukubwa, kisha anachoma ganzi pembeni mwa tezi panapopita mishipa ya fahamu. Ganzi hii ndiyo tofauti kubwa kati ya wanaosimulia kipimo kwa utulivu na wanaokisimulia kwa machozi. Uliza kabla kama itatumika, na ikishachomwa iachwe dakika chache ishike.

Kwenye kioo kuna mstari wa nukta unaoonyesha sindano itapita wapi. Daktari anasogeza probu mpaka mstari uikate sehemu anayoitaka, anakuambia "tayari", na bunduki ndogo ya springi inafyatuka: ta! Mlio wake ni kama wa stepla ya ofisini. Mlio unashtua kuliko sindano. Usiruke. Muuguzi anapokea sindano, anaufungua mfereji wake mdogo, na pale kwenye chuma umelala uzi mweupe wenye michirizi ya damu, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Anauhamishia kwenye kikopo. Ta! wa pili. Ukihesabu utafika 10 au 12, na shughuli yote, tangu kulala hadi kuinuka, inachukua kama dakika 20. Inuka polepole. Keti kwanza ukingoni mwa kitanda, maana kizunguzungu kinawapata hata wanaume wenye miraba minne.

Usiondoke hospitalini kabla hujakojoa.

Vikopo

Sehemu hii ni ya msindikizaji. Vinyama huwekwa kwenye formalini, dawa inayozuia nyama isioze. Katika hospitali nyingi sampuli hubebwa na wahudumu, lakini si ajabu ndugu kukabidhiwa mfuko na kuambiwa peleka maabara. Ukikabidhiwa, soma kila kikopo: jina kamili, namba ya hospitali, tarehe, na upande, kulia au kushoto. Jina likikosewa herufi, rudisha palepale; nchi hii ina kina Juma Hamisi wengi. Dawa iwe imekifunika kinyama. Usifungue, usinuse, usiongeze maji wala spiriti, usiweke kwenye friji. Pokea stakabadhi yenye namba ya maabara na tarehe ya majibu, uipige picha kwa simu.

Ukishafika nyumbani

Mkojo utakuwa na damu siku chache. Haja kubwa nayo. Shahawa zitakuwa na damu, nyekundu kwanza kisha rangi ya kutu, wiki kadhaa, hata mwezi na nusu. Mwambie mke wako mapema, kwa maneno ya kawaida, kabla hajaona mwenyewe akadhani mengine. Kunywa maji ya kutosha. Wiki ya kwanza acha jembe, magunia ya mkaa na baiskeli. Kama ni Ramadhani na dawa ina masaa yake, kamalize kwanza suala la saumu na shehe wako, dozi isikatwe.

Rudi hospitali kama damu inatoka mfululizo au kwa mabonge, au kama mkojo umegoma kabisa na tumbo la chini limejaa.

Na homa. Hapa nataka usome mara mbili. Fukayosi ni nchi ya malaria. Mtu akitetemeka, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye dawa mseto. Ndani ya wiki moja baada ya kinyama, kutetemeka kwa baridi na joto kupanda kunaweza kuwa bakteria wameingia kwenye damu, na hali hiyo huharibika kwa saa, haingoji kesho. Hata kipimo cha malaria kikisoma ndiyo, usiridhike nacho, kwa sababu watu wengi wa kwetu wanaweza kubeba vimelea bila kuumwa. Nenda usiku huohuo, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Nimechukuliwa kinyama cha tezi dume siku kadhaa zilizopita." Onyesha karatasi ya hospitali iliyokuchoma. Zahanati wakupe antibayotiki ya sindano kama wanayo na wakusafirishe Bagamoyo. Kulala zahanati kusubiri kuona kutakuchaje si matibabu. Panga gari la dharura tangu mapema, namba ya dereva iwe kwenye simu ya mkeo.

Majibu

Fuata majibu mwenyewe siku iliyoandikwa kwenye stakabadhi, usingoje kupigiwa. Omba nakala. Ndani yake tafuta vitu vitatu: vinyama vingapi vilichukuliwa, vingapi vina saratani, na namba ya Gleason. Namba hii ilianzishwa na mtaalamu wa patholojia wa Marekani, Donald Gleason, miaka ya 1960, na siku hizi inaanzia 6 hadi 10, mara nyingi ikiandikwa kama 3+4 au 4+3, ikifuatana na kundi kuanzia 1 hadi 5. Zote 3+4 na 4+3 ni saba, lakini ya pili ni kali zaidi, kwa sababu namba ya mbele ndiyo iliyotawala. Mwenye 6 katika kinyama kimoja au viwili anaweza kuambiwa afuatiliwe tu, apime PSA kila baada ya miezi kadhaa, bila kukatwa chochote. Asikimbilie kuuza shamba. Mwenye 8 na kuendelea atatakiwa kupimwa mifupa na kujadiliwa mionzi, upasuaji au dawa za homoni. Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani na ambayo leo ni taasisi yetu ya saratani, itakuuliza karatasi hii kwanza. Kwenda pale bila majibu ya kinyama ni kupoteza nauli.

Majibu yakisema hakuna saratani, ukumbuke kwamba vinyama vyote havikufika asilimia moja ya tezi. PSA irudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita. Ikishuka au kutulia, endelea na kliniki. Ikiendelea kupanda, ndipo MRI inapostahili kuchangiwa na ukoo, na kinyama cha pili kikihitajika, sindano itakwenda mbele ya tezi na pembeni ambako ya kwanza haikufika. Daktari atakayeishika sindano hiyo ya pili hataweza kujua ya kwanza ilipita wapi kama hujaja na nakala yenye ukubwa wa tezi, idadi ya vinyama na pande zilikotoka.